Vijiumbe Vilavyo Mafuta: Historia ya Jambo na ya Majina Yake

Kila istilahi ina historia mbili. Ya kwanza ni historia ya jambo lenyewe: lilianza lini kujulikana, nani walilichunguza, na lilitumiwaje. Ya pili ni historia ya jina: lilitoka wapi, liliingiaje katika lugha, na lilibeba mizigo gani njiani. Aghalabu historia hizi mbili haziendi sambamba. Jambo laweza kufanywa na watu kwa miaka mingi kabla halijapewa jina la kitaalamu. Na jina nalo laweza kuwamo katika lugha kwa muda mrefu likiwa limeshikamana na maana isiyofaa kwa jambo jipya.

Makala hii inakusudia kuzieleza historia hizo kwa kuchukua mfano mmoja, nao ni wa vijiumbe vinavyokula mafuta ghafi yaliyomwagika katika udongo na maji. Mfano huo utatazamwa kutoka Mbinga, yaani kutoka milima ya Umatengo na ufuko wa Ziwa Nyasa ulio chini yake, ambao sasa umo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Msomaji asije akadhani kwamba mahali hapo pamechaguliwa kwa bahati tu. Milimani kuna kilimo kinachotegemea kazi ya vijiumbe, na ziwani kuna maji ambayo mafuta yakimwagika humo yatakuwa msiba kwa watu wengi.

Jambo hili lina haraka yake. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake, si maandishi ya kusomwa na wanasheria kwa lugha ya kigeni tu. Mtafsiri hana budi kuyatia katika Kiswahili, mwalimu hana budi kuyafundisha, na mtumishi wa serikali hana budi kuyatangaza kijijini. Endapo maneno yatakuwa na utata, mwenye kupata hasara ni mwananchi.

Ngoro: kazi iliyotangulia jina

Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo kwenye miteremko mikali ya milima yao. Kulima huko kulikuwa na shida mbili: mvua ilichukua udongo, na udongo uliobaki ulichoka upesi. Jawabu walilolipata ni kilimo cha ngoro. Mwishoni mwa masika, karibu na mwezi wa Machi, nyasi hufyekwa, huachwa zikauke, kisha hupangwa katika mistari inayokatana hata zikafanya miraba yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili hivi. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi. Hapo huwa kuna shimo katikati na tuta pande zote nne, na nyasi zimezikwa ndani ya tuta. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake huchimba na kupanda. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta. Mahindi huja katika msimu unaofuata.

Shimo huyazuia maji yasikimbie na udongo. Lakini siri ya rutuba imo ndani ya tuta. Bakteria na kuvu walioko udongoni huzishambulia nyasi zilizozikwa na kuzigeuza kuwa mboji. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na naitrojeni chache. Kwa hiyo vijiumbe hivyo, vinapoanza kazi, huchukua naitrojeni ya udongo kwa ajili ya miili yao, na mmea wowote ulio karibu huweza kupungukiwa. Maharage hayapati dhiki hiyo sana, kwa sababu katika vifundo vya mizizi yake hukaa bakteria wa aina nyingine wanaoivuta naitrojeni kutoka hewani. Mahindi, yenye njaa kubwa ya naitrojeni, hupandwa wakati nyasi zimekwisha kuoza na kuanza kuirudisha. Twaona basi kwamba utaratibu wa mkulima unaafikiana na utaratibu wa vijiumbe, ingawa hapakuwa na hadubini yoyote milimani wakati utaratibu huo ulipotungwa.

Wataalamu waliandika habari za ngoro tangu wakati wa ukoloni. A. H. Pike aliieleza mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na watafiti kutoka Japani, kilifanya uchunguzi mrefu zaidi. Kwa makusudi ya makala hii, jambo la kukumbuka ni moja: mkulima wa Mbinga anajua, kwa mikono yake, kwamba vitu vilivyokufa vikipewa udongo, unyevu, hewa na muda, hugeuka kuwa chakula cha mimea. Maneno yake kwa jambo hilo ni *kuoza* na *mboji*. Maneno hayo yanatosha kwa nyasi. Swali ni kama yanatosha kwa mafuta.

Jina lililoingia kwa mlango wa hospitali

Mwaka 1676 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London habari za viumbe alivyoviona katika maji kwa kioo chake cha kukuzia, akaviita wanyama wadogo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Mjerumani Ehrenberg alitumia jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kifimbo, kwa kuwa baadhi ya viumbe hivyo vina umbo la fimbo fupi. Na hilo ndilo lililotupatia *bakteria*. Mwaka 1878 Mfaransa Sédillot aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, yaani udogo na uhai, akapata jina la jumla la viumbe vyote vya namna hiyo.

Majina hayo matatu hayana habari ya maradhi. Moja lataja udogo wa mnyama, jingine umbo, na la tatu uhai. Walakini kazi iliyovipa viumbe hivyo sifa duniani ilikuwa kazi ya utabibu. Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amekipata kiumbe kinacholeta kifua kikuu. Koch huyo huyo alifika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na kufanya uchunguzi wa malaria na tauni, akarudi tena upande wa Ziwa Viktoria mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale. Hivyo elimu ya vijiumbe iliingia kwetu kwa mlango wa hospitali, na ikakaa hospitalini kwa muda mrefu.

Matokeo yake katika lugha ni dhahiri. Neno lililoenea kuliko yote ni *vijidudu*, na kila mtoto wa shule amefundishwa kwamba vijidudu ni adui: nawa mikono ili kuviondoa, chemsha maji ili kuviua. Mafundisho hayo yaliokoa maisha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio na vikundi vya kusoma, ilikuwa moja ya kazi kubwa za elimu ya watu wazima katika nchi yetu, na ilipasa kuzungumza kwa lugha ya vita. Lakini lugha ya vita haina nafasi kwa mtumishi mwema. Bakteria wa ngoro, wa kifundo cha harage na wa chachu ya maziwa waliachwa bila jina la heshima, kwa kuwa jina lililopo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na maradhi.

Jinsi walao mafuta walivyojulikana

Kwamba kuna viumbe vidogo vinavyoweza kula mafuta ya ardhini si habari ya jana. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea wa Kijapani, Miyoshi Manabu, alieleza kuhusu kuvu iliyopenya na kutumia nta ya mafuta hayo. Huko Delft, Uholanzi, N. L. Söhngen alionyesha mwaka 1906 kwamba wako bakteria wanaoishi kwa gesi ya methani, na mwaka 1913 akaeleza juu ya wale wanaotumia mafuta yenyewe. Mwaka 1946 Claude ZoBell wa California aliikusanya elimu yote iliyokuwapo, akaonyesha kwamba aina zipatazo mia moja za bakteria, hamira na kuvu zina uwezo huo, na kwamba zimetapakaa katika udongo na maji kila mahali.

Kwa nini zimetapakaa? Sababu ni kwamba mafuta ghafi hayakuletwa duniani na viwanda. Yamekuwa yakivuja yenyewe kutoka ardhini kwa mamilioni ya miaka. Katika nchi zetu mivujo ya namna hiyo inajulikana Tundaua katika kisiwa cha Pemba, Wingayongo karibu na Mto Rufiji, na kandokando ya Ziwa Albert nchini Uganda, ambako E. J. Wayland aliiandikia ripoti mwaka 1925. Mahali palipo na chakula kwa muda mrefu namna hiyo, hapakosi mlaji.

Habari hizi zilitoka katika majarida ya wataalamu na kuingia katika magazeti ya kila siku kwa sababu ya kesi moja. Ananda Chakrabarty, mzaliwa wa India aliyefanya kazi na kampuni ya General Electric huko Marekani, aliunganisha ndani ya bakteria mmoja uwezo wa kumeng'enya sehemu kadhaa za mafuta, na mwaka 1972 hataza ya kiumbe hicho iliombwa. Tarehe 16 Juni, 1980, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na mtu chaweza kupewa hataza. Uamuzi huo ulibadili sheria za dunia. Bakteria mwenyewe hakupata kutumiwa kusafisha bahari.

Somo la vitendo lilitoka mahali pengine. Tarehe 24 Machi, 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba katika pwani ya Alaska na kumwaga tani zipatazo 37,000 za mafuta ghafi. Katika sehemu za ufuko uliochafuka, wataalamu hawakupeleka bakteria wageni. Walinyunyiza mbolea yenye naitrojeni na fosforasi ili kuwapa nguvu bakteria waliokuwamo tayari katika changarawe. Njia hiyo ilisaidia pale ambapo hewa ilipita. Pale ambapo mafuta yalijificha chini ya mawe, mbali na hewa, yalikutwa bado yapo baada ya miaka zaidi ya kumi.

Kazi yenyewe na masharti yake

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, yaani misombo ya kaboni na haidrojeni. Baadhi zina umbo la mnyororo ulionyooka, nyingine mnyororo wenye matawi, nyingine pete, na sehemu nzito kabisa ni zile zinazofanana na lami. Vijiumbe huanza na minyororo iliyonyooka, kisha hufuata iliyo na matawi na pete ndogo. Zile za lami huachwa za mwisho, na aghalabu hubaki. Hatua ya kwanza hufanywa na kimeng'enya kinachoingiza oksijeni katika haidrokaboni. Kutoka hapo hupatikana alkoholi, kisha asidi, na hatimaye kabonidioksaidi na maji, na sehemu nyingine ya kaboni huwa mwili wa kijiumbe chenyewe.

Kwa hiyo masharti ni manne. Lazima kuwe na oksijeni; ijapokuwa wako vijiumbe wanaofanya kazi hiyo pasipo hewa, mwendo wao ni wa polepole mno. Lazima kuwe na naitrojeni na fosforasi, kwa kuwa mafuta yana kaboni tele lakini ni maskini wa virutubisho hivyo. Lazima kuwe na maji, maana kijiumbe huishi katika maji na hushambulia mafuta pale vitu hivyo viwili vinapokutana. Na joto liwe la kadiri. Udongo ulioingia mafuta hutandazwa, hulimwa mara kwa mara ili upate hewa, hutiwa mbolea na kunyunyiziwa maji. Mkulima wa ngoro akiyasikia masharti hayo hatayaona mageni: kaboni iliyozidi, naitrojeni iliyopungua, hewa na unyevu. Tofauti ni kwamba nyasi huwa mboji kwa msimu mmoja, na mafuta huweza kuhitaji miezi mingi au miaka.

Mafuta ghafi katika nchi yetu, na Ziwa Nyasa

Maneno ya mafuta yaliingia katika Kiswahili cha utawala pamoja na mitambo yake. Kiwanda cha TIPER cha kusafishia mafuta kilifunguliwa Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 1966. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupata mafuta, na mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, lilikamilika kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwaka 1969 liliundwa Shirika la Maendeleo ya Petroli, na mwaka 1974 gesi iligunduliwa Songo Songo. Katika karne hii, Uganda na Tanzania zimekubaliana juu ya bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kila hatua ilileta maneno: *mafuta ghafi*, *bomba la mafuta*, *kisima cha utafutaji*, *kiwanda cha kusafishia mafuta*.

Ziwa Nyasa nalo limeingia katika historia hii. Mwaka 2011 Serikali ya Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta katika sehemu za ziwa hilo, na mwaka 2012 mzozo wa zamani wa mpaka ukafufuka. Malawi hutegemea mkataba wa mwaka 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, na kudai kwamba mpaka ni ufuko wa mashariki. Tanzania hushikilia kwamba mpaka ni katikati ya ziwa. Hakuna mafuta ghafi yaliyokwisha kuchimbwa humo. Walakini vyombo vya majini hubeba dizeli na mafuta ya mashine, na magari hushuka milimani kwenda Mbamba Bay, Liuli na Lituhi yakiwa na shehena za namna hiyo.

Hapana budi kulifahamu ziwa lenyewe. Kina chake hufika takriban mita 700, na maji ya chini ya mita 200 hadi 250 hayana oksijeni, kwa kuwa hayachanganyiki na ya juu. Mlango wake wa kutokea ni Mto Shire peke yake, na maji mengi zaidi hupotea kwa mvuke kuliko kwa mto huo. Maana yake ni kwamba kitu kikiingia humo hukaa sana. Mafuta yanayoelea au yaliyoganda ufukoni yako mahali penye hewa na joto, na vijiumbe vyaweza kuyashughulikia. Yale mazito yatakayozama na kufika kwenye maji yasiyo na oksijeni yatakaa huko kwa muda mrefu. Tena mbolea iliyosaidia Alaska haiwezi kumwagwa kiholela hapa, kwa sababu fosforasi ikizidi katika maji baridi huotesha mwani na kuwadhuru samaki. Wavuvi wa usipa hawana ziwa la pili.

Mizigo ya maneno

Baada ya kuzitazama historia zote mbili, na tuchukue mfano wa tangazo ambalo mtumishi, akiwa na haraka siku ya ajali, angeweza kuliandikia vijiji vya ufukoni: "Wataalamu wa kusafisha mafuta watatumia vijidudu kuyeyusha na kuozesha mafuta yaliyomo ziwani." Sentensi hiyo ni ya Kiswahili fasaha kwa sarufi. Kwa maana, ina makosa manne, na kila kosa lina historia tuliyokwisha kuieleza.

La kwanza ni *vijidudu*. Mwananchi aliyefundishwa kuviua kwa kuchemsha maji ataambiwaje kwamba serikali inavitumia katika maji anayochota? Akikataa, hatakuwa mjinga. Atakuwa ameshika mafundisho aliyopewa. Neno *vimelea* nalo halifai, maana limetokana na kitenzi *kumelea*, yaani kumea juu ya kingine, nalo huhusu kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya kiumbe hai. Mla mafuta hamnyonyi mtu. *Bakteria* ni neno sahihi, lakini halitoshi, kwa kuwa hamira na kuvu nazo zimo katika kazi hii. Maoni ya makala hii ni kwamba *kijiumbe* ndilo neno la jumla linalofaa. Limetokana na *kiumbe*, yaani kitu kilichoumbwa, na udogo tu ndio ulioongezwa. Halisifu wala halilaumu. Patakapohitajika kutaja ugonjwa, isemwe *kijiumbe cha maradhi*. Kutolaumu huko ni muhimu kwa pande zote mbili, maana wako bakteria wa jamii ya Pseudomonas wanaoweza kumeng'enya mafuta na pia kuingia katika jeraha la mgonjwa. Jina lisimfanye adui, wala lisimfanye malaika.

La pili ni *kuyeyusha*. Chumvi huyeyuka katika maji na bado imo. Ziko dawa zinazoyatawanya mafuta yakawa matone madogo; mtu akitazama uso wa ziwa ataona pametakata, lakini mafuta yamo ndani ya maji. Kutawanya si kuondoa. Mtumishi anayeandika kwamba mafuta yameyeyuka anaweza kuwa anasema kweli ya macho na uongo wa kemia, na mwenye kisima karibu na ufuko atayanywa maji hayo akidhani ni salama.

La tatu ni *kuozesha*. Tumeona kwamba kuoza kwafaa kwa nyasi. Lakini kitu kinachooza hunuka na kuharibika, na msomaji atangoja kuona dalili hizo, naye hataziona. Isitoshe, kuozesha kuna maana nyingine inayojulikana kila nyumba yenye binti, na waraka wa serikali haupaswi kuwachekesha watu siku ya msiba. Kitenzi kinachofaa kimekwisha kukaa katika vitabu vya biolojia, nacho ni *kumeng'enya*. Mwanafunzi anajua mmeng'enyo wa chakula tumboni, na anajua kwamba kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Hayo ndiyo yanayotokea kwa mafuta: kijiumbe huyavunja kwa vimeng'enya na kujilisha kwayo. Hivyo twaweza kusema *umeng'enyaji wa mafuta kwa vijiumbe*, na kila sehemu ya istilahi hiyo ikaeleweka.

La nne, lililojificha kuliko yote, ni *kusafisha mafuta*. Tangu mwaka 1966 maneno hayo yamekuwa na maana ya kazi ya kiwandani, yaani kuyatoa mafuta ghafi na kuyafanya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Katika ajali hatusafishi mafuta. Twasafisha udongo na maji. Katika mkataba au kanuni, kosa hili laweza kumtwika mzigo wa gharama mtu asiyehusika, au kumwondolea anayehusika. Kwa hiyo njia hii ya kutumia viumbe na iitwe *usafishaji wa udongo kwa vijiumbe* au *usafishaji wa maji kwa vijiumbe*, na kitu kinachosafishwa kitajwe daima.

Limebaki swali la sarufi, ambalo walimu huliuliza. Je, tuseme *vijiumbe walao mafuta* au *vijiumbe vilavyo mafuta*? Majina ya viumbe hai hufuata upatanisho wa *a-* na *wa-*, hata yakiwa na umbo la ki-vi, kama *kiboko analala*. Lakini jina likiwa la udogo, kama *kijitoto* au *vijidudu*, mazoea ya wasemaji wengi ni kuuacha upatanisho wa ki-vi ubaki. Kwa kuwa udogo ndio kiini cha neno hili, *vijiumbe vilavyo mafuta* ndiyo njia inayofuata mazoea hayo, ingawa *bakteria walao mafuta* hubaki sahihi. Vitabu vyetu vimekwisha kuzoea *wanyama walao nyama* na *walao majani*. Mla mafuta ataungana nao bila shida.

Hitimisho

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, orodha nyingi za istilahi zimetolewa, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo zimetupa akiba kubwa. Katika makala hii hakuna neno hata moja lililopendekezwa ambalo halikuwamo katika lugha: *kijiumbe*, *kumeng'enya*, *kimeng'enya*, *mafuta ghafi*, *udongo*. Kilichotakiwa ni kuyapanga kulingana na ukweli wa jambo, na kuyaondoa yale yaliyobeba mizigo ya safari nyingine.

Na tuliandike upya tangazo lile: "Mafuta yaliyomwagika yamefika katika mchanga wa ufuko. Mchanga huo una vijiumbe vinavyoweza kuyameng'enya mafuta, na wataalamu wataulima ili vipate hewa. Kazi hiyo itachukua miezi mingi, na sehemu nzito ya mafuta itabaki na kuondolewa kwa koleo. Mpaka mtakapotangaziwa, msichote maji mahali hapo." Tangazo hilo ni refu zaidi kuliko lile la kwanza. Lakini mvuvi wa Liuli akilisoma atajua ni nini kinafanywa, na nani anakifanya, na kwa muda gani. Na mkulima wa Mbinga akilisikia atatambua kazi aliyoijua siku zote ndani ya matuta yake.